Bangi ya kula si bangi nyepesi: barua ya wazi kutoka Tanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya; Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya; Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga.

YAH: WAGONJWA WANAOACHA KUVUTA BANGI NA KUANZA KUILA

Waheshimiwa,

Tunaandika sisi matabibu, wauguzi, wafamasia na wahudumu wa tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi) wa Jiji la Tanga na wilaya za jirani. Hatuombi bangi ihalalishwe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 tunaijua, na tunafanya kazi chini yake. Tunaleta jambo ambalo sheria hiyo hailioni kwa urahisi kwa sababu halina moshi wala harufu: wagonjwa wenye maumivu makali, kichefuchefu cha dawa za saratani au kukosa hamu ya kula, wanaotiwa bangi kwenye chakula na watu wanaowapenda, kwa kuamini kwamba kula ni kwepesi kuliko kuvuta.

Sababu ya kwanza ya kuila wala si ya kiafya. Ni harufu. Nyumba za mitaa yetu ya Ngamiani na Makorora zimebanana, ukuta mmoja unatumikia familia mbili, na msokoto ukiwashwa chumba cha nyuma jirani anajua kabla mgonjwa hajavuta mara ya pili. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, aliyeishi maisha yake yote bila kugusa sigara, hawezi kukubali mwanawe amwashie msokoto. Kashata ataikubali. Chai ya maziwa ataikubali. Kijiko cha asali hataulizia hata kimetoka wapi. Hivyo ndivyo dawa ya kulevya inavyogeuka uji wa mgonjwa, na aliyeipika si mhalifu wa aina mliyoizoea, Ndugu Kamishna Jenerali. Ni binti wa nyumbani aliyechoka kumsikia mama yake akilia usiku.

Imani kwamba kula ni afadhali si ya uongo yote, na tungekosa uaminifu tukisema hivyo. Mapafu yanapona na mengi. Moshi wa bangi una lami na kaboni monoksaidi kama wa tumbaku, na mvutaji huuvuta kwa kina na kuubana kifuani, kwa hiyo vinavyoganda ndani ni vingi. Kwa mgonjwa aliyewahi kuugua kifua kikuu, au mwenye pumu, hilo peke yake linatosha kumkataza. Msokoto unaopokezanwa watu watano ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ni njia nzuri ya kugawana kifua kikuu. Vifaa vya umeme vya kuvutia mvuke, ambavyo vijana wanavisifu kuwa havina moshi, navyo vina yao: mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kutokana na vifaa hivyo, chanzo kikubwa kikiwa vitamini E asetati iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi ya magendo. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliothibitishwa kufa ni 68.

Hata wataalamu wanaokubali kwamba bangi ina nafasi ndogo katika tiba wanaelekea upande wa kisichovutwa. Mwongozo uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu ulitoa pendekezo dhaifu, na waliita dhaifu wao wenyewe, la kujaribu dawa za bangi zisizovutwa pale tiba za kawaida zikishindwa. Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilikataa kuidhinisha dawa hizo kwa maumivu ya aina yoyote, kikisema ushahidi hautoshi. Wagonjwa wetu hawasomi majarida hayo, lakini maneno yanasafiri, na yanapofika huku yamebaki mawili: "kula, usivute." Neno "dhaifu" limeanguka njiani, na neno "dawa" limegeuka "majani".

Sasa tueleze kinachotokea mwilini, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Kemikali inayolevya kwenye bangi ni THC. Ikivutwa hupita kwenye mapafu moja kwa moja hadi damuni, na ubongo huipata ndani ya dakika chache. Kilele chake hufika ndani ya nusu saa hivi, na baada ya saa mbili hadi nne imeshapungua sana. Faida kubwa ya mvutaji, kama tunaweza kuiita faida, ni kwamba anajisikia papo hapo. Akihisi imetosha anazima. Mwili wenyewe unampimia.

Ikiliwa, THC inaanzia tumboni, inanyonywa na utumbo polepole, kisha kabla ya kuzunguka mwilini lazima ipite kwenye ini. Ini linaipunguza sana: katika kila miligramu 100 zinazoliwa, zinazofika damuni kama THC ni kati ya 4 na 12, wakati zinazovutwa hufika 10 hadi 35. Anayeishia hapo anasema, basi, si ndiyo maana kula ni kwepesi? Hapana. Ini haliitupi THC, linaigeuza. Kimeng'enya kinachoitwa CYP2C9 kinaitengeneza upya kuwa kemikali nyingine, 11-hidroksi-THC, ambayo inapenya ubongoni vizuri na kulevya kwa nguvu isiyopungua ile ya kwanza. Mvutaji anaipata hiyo kidogo sana. Mlaji anaipata kwa wingi, na inamkalia. Ndiyo maana mtu aliyevuta miaka kumi bila tatizo anaweza kula kipande kimoja na kudhani anakufa.

Tuchukue saa. Mgonjwa anapewa kipande saa mbili usiku, baada ya chakula. Saa tatu anaulizwa unajisikiaje, anasema sijaona kitu. Aliyempa anadhani kipande kilikuwa kidogo, au majani yalikuwa mabovu, anampa cha pili. Lakini cha kwanza hakikuwa kibovu, kilikuwa njiani: dalili huanza popote kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kula, na kilele ni kati ya saa ya pili na ya nne. Kwa hiyo saa nne hadi sita usiku kipande cha kwanza kinafika juu, na cha pili kinapanda nyuma yake. Saa saba usiku mgonjwa anatetemeka, moyo unamwenda mbio, anaona kuta zinasogea, akisimama anaanguka kwa sababu shinikizo la damu linashuka anapoinuka. Kipande kimoja tu hudumu saa sita hadi nane, mara nyingine kumi na mbili, na uzito wa kichwa unaweza kufika siku ya pili. Hakuna wa kuzima, kwa sababu hakuna kinachowaka.

Kama alikula wali wa nazi au pilau kabla yake, ndiyo zaidi. THC huyeyuka kwenye mafuta, na mlo wa mafuta huongeza kiasi kinachonyonywa. Mtu yuleyule na kipande kilekile, leo kwa tumbo tupu na kesho baada ya pweza wa nazi, hapati kitu kimoja.

Mwaka 2014 huko Colorado, Marekani, ambako bangi inauzwa dukani ikiwa na lebo, kijana wa miaka 19 alinunuliwa biskuti moja yenye miligramu 65 za THC. Muuzaji alisema igawanywe vipande sita. Akala kimoja, akangoja chini ya saa moja, hakuona kitu, akala biskuti yote iliyobaki. Saa mbili na nusu baadaye aliruka kutoka ghorofa ya nne, akafa. Hapo kulikuwa na lebo, muuzaji aliyefundishwa, na kiasi kinachojulikana. Tafiti za hospitali moja ya huko, kati ya mwaka 2014 na 2016, zilikuta kwamba bangi ya kula ilikuwa asilimia 0.32 tu ya THC iliyouzwa katika jimbo, lakini ilichangia asilimia 10.7 ya waliofika dharura kwa ajili ya bangi. Waliovuta walikuja zaidi kwa kutapika kusikokoma. Waliokula walikuja kwa wasiwasi mkali, kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo.

Huku kwetu lebo hakuna. Hebu tuitazame sinia ya kashata. Sukari inachemka, nazi inaingia, mchanganyiko unakorogwa mpaka unashikana, unamwagwa kwenye sinia na kukatwa upesi kabla haujaganda. Anayekata anajua kwamba mafuta ya nazi hayatulii sawa: pembeni pana mafuta, katikati ni pakavu. THC iko ndani ya mafuta hayo. Kipande cha pembeni kinaweza kuwa na mara tatu ya kile cha katikati, na kwa macho vinafanana kama mapacha. Halafu kuna majani yenyewe. Gramu moja ya bangi yenye THC asilimia 3 ina miligramu 30; gramu ya bangi yenye asilimia 15 ina miligramu 150. Kiganja ni kilekile, kijani ni kilekile. Marekani mwaka 2021 taasisi yao ya utafiti wa dawa za kulevya iliweka miligramu 5 kuwa kipimo kimoja cha kulinganishia, na Canada hairuhusu pakiti nzima ya chakula kuzidi miligramu 10. Binti aliyetia kiganja kimoja kwenye sinia ya vipande ishirini hajui kama kila kipande kina 1 au 15, na hata sisi hatuwezi kumwambia, kwa sababu hatuna maabara ya kupima jambo hilo hapa Tanga.

Kuna wanaosema, "lakini mimi nilitafuna majani mabichi, sikuona kitu." Ni kweli, wala si kwa kuwa majani ni salama. Kwenye mmea mbichi THC imefungwa katika umbo la tindikali ambalo halilevyi sana, na moto ndio unaolifungua. Aliyetafuna mabichi na kukosa stimu, akaja kula kilichopikwa kwa kiasi kilekile, anajipiga mwenyewe.

Dawa nyingine alizonazo mgonjwa zinabadilisha hesabu hii yote, na hapa tunawaomba wenzetu wa kliniki wasome kwa makini. Rifampisini ya kifua kikuu inaamsha vimeng'enya vya ini na kushusha THC mwilini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekula bangi anaweza kuizoea kwa kiasi kikubwa. Akimaliza dozi yake ya miezi sita, wiki mbili hivi baadaye ini linarudi kawaida, na kipande alichokizoea kinamwangusha. Anasema kuna mtu amemtilia kitu. Ritonavir, iliyomo kwenye dawa za mstari wa pili za VVU (za wale ambao dawa za kwanza zimewashinda), inafanya kinyume: inazuia kimeng'enya kingine cha ini kinachosaidia kuiondoa, na kiasi kinaweza kupanda. Kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zimeripotiwa kesi za damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Diazepamu, fenobabitoni, mofini, pombe: vyote vinaongeza usingizi juu ya usingizi. Na kwa mjamzito, anayenyonyesha, mwenye historia ya ugonjwa wa akili yeye au ndugu zake wa damu, au mwenye moyo usiotulia, hakuna namna ya kuifanya ifae, iwe ya kuvuta au ya kula.

Dalili moja ndogo inapotea sana kwenye mafaili yetu. Mtu aliyetumia bangi kwa miaka anaweza kuanza kutapika mfululizo, siku nzima, na dawa za kawaida za kutapika zisimsaidie. Anaongeza bangi kwa sababu ameambiwa inazuia kutapika. Ulizeni anaoga mara ngapi. Akisema anaoga maji ya moto mara sita kwa siku, katika joto la Tanga la mwezi wa pili, kwa sababu ndiyo kitu pekee kinachompa nafuu, jibu mmelipata: bangi yenyewe ndiyo inayomtapisha, na tiba yake ni kuacha kabisa.

Waheshimiwa, tumefika kwa watoto, na hapa hatutafupisha.

Kashata haina mlango wa kufungwa. Inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na mtoto wa miaka mitatu anajua njia ya kulifikia kuliko baba yake. Marekani, ambako taarifa za sumu zinakusanywa kitaifa, watoto wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vya bangi waliongezeka kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Ninyi wenyewe mmekwisha kutangaza kukamata biskuti zilizochanganywa na bangi nchini, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la ng'ambo tu.

Mtoto huyo anafika zahanati vipi? Amelegea, haitiki akiitwa, au akisimamishwa anayumba kama mlevi. Macho mekundu wakati mwingine, mboni mara nyingi zimetanuka. Mapigo ya moyo yanaweza kwenda mbio au kupungua. Pumzi inaweza kuwa fupi, na baadhi hupata degedege au kuzimia. Katika mkoa wenye malaria, tabibu wa zamu anaona kitu kimoja: malaria kali. Anaanza dawa ya mshipa, anaandika rufaa, na pengine mtoto anapigwa sindano ya uti wa mgongo kutafuta homa ya uti. Hakufanya kosa, angekosea kama asingefikiria malaria. Lakini kuna swali moja ambalo halikuulizwa, na mama ambaye angelijibu amesimama pembeni, kimya, akiwaza polisi. "Alikula maharage tu, daktari."

Tunachofanya, na tunachoomba kiandikwe rasmi, ni hiki. Kwanza njia ya hewa na pumzi: mtoto alazwe ubavu, apimwe oksijeni, na aliyelegea apewe oksijeni ikiwa iko chini ya asilimia 94. Hapohapo apimwe sukari, maana sukari kushuka huleta sura ileile. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au chini ya 3 kwa mtoto mwenye utapiamlo, apewe dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, kwa mshipa. Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike bila kusubiri, na kikionyesha vimelea mtoto atibiwe malaria kikamilifu hata kama bangi imethibitika, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya mtoto mmoja. Sumu ya wadudu ya shambani itafutwe kwa dalili zake: mate mengi, jasho, mboni zilizobana kama tundu la sindano. Mboni zikiwa zimebana na pumzi ni chache bila mate hayo, naloksoni, dawa inayozima mofini na heroini, ijaribiwe, huenda ndizo alizopata. Degedege itibiwe kwa diazepamu kama mwongozo wa watoto unavyosema.

Baada ya hapo ni kungoja. Hakuna dawa inayoifuta bangi mwilini. Mtoto akae wodini mpaka atembee na kuzungumza kama kawaida yake, jambo ambalo mara nyingi huchukua siku nzima na mara nyingine zaidi. Aliyeletwa bila dalili yoyote asirudishwe nyumbani kabla ya saa sita, kwa sababu zile tulizozieleza: bado iko njiani.

Na asinyweshwe kitu. Hili tunalirudia kila mahali na bado linafanyika: maziwa "kukata sumu", maji ya ndimu, mafuta ya kula ili atapike. Aliyelegea anapaliwa, na kimiminika kinaishia kwenye mapafu. Mafuta nayo, kama tulivyosema, ndiyo gari ambalo THC hupanda. Nyumbani tunachotaka ni kitu kimoja tu: mbebeni ubavu, chukueni mabaki ya alichokula, njooni.

Kwa mtu mzima kazi ni nyepesi. Chumba kimya, taa ndogo, mtu mmoja wa kumwambia mara kwa mara kwamba itaisha na saa ngapi itaisha. Asifungwe kamba. Asiachwe asimame ghafla, hasa mzee, kwani nyonga huvunjika kwa namna hiyo. Mwenye maumivu ya kifua apimwe moyo kwa umeme, asiambiwe ni wasiwasi. Mwenye taharuki isiyotulia diazepamu miligramu 5 ya kumeza humtosha mara nyingi. Na asipande bodaboda yake mpaka kesho yake akiwa mzima.

Hayo ni ya kuzima moto. Sasa chanzo cha moto: mbona mtu mwenye saratani anatafuta kashata?

Kwa sehemu kubwa ni kwa kuwa hakupata mofini. Maji ya mofini ni dawa ya bei ndogo, yamo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na yanatibu maumivu ya saratani kwa namna ambayo hakuna kashata itakayoyafikia. Mtu mzima huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne, dozi ya usiku ikiongezwa mara mbili ili alale, na dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa akifunga choo siku tano ataitupa chupa na kuilaani. Wilaya ya Muheza ina historia ndefu ya tiba shufaa, na ujuzi huo haujapotea mkoani. Lakini ujuzi bila chupa hausaidii. Uganda tangu mwaka 2004 imewaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wao wenyewe, na mgonjwa wa kijijini hahitaji kumsubiri daktari wa hospitali ya rufaa. Mheshimiwa Waziri, hilo tunaliomba kwa maneno mepesi: mofini ifike hadi vituo vya afya, na muuguzi aliyefunzwa aruhusiwe kuiandika. Ondansetroni kwa wanaotapika kwa dawa za saratani iwepo kila wakati, si robo ya kwanza ya mwaka pekee. Kabla ya kubishana kuhusu bangi, tujaze rafu hizo mbili.

Halafu kuna kundi dogo ambalo rafu hizo haziwasaidii, na kwao tunaiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ilitazame suala la dawa zilizotengenezwa viwandani. Zipo na zinajulikana. Dronabinoli, THC ya maabara, ilisajiliwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha dawa za saratani, pamoja na nabiloni mwaka huohuo. Dronabinoli huja kwa vidonge vya miligramu 2.5, 5 na 10, na anayeanza kwa ajili ya hamu ya kula hupewa 2.5 mara mbili kwa siku. Sativex, ya kupuliza mdomoni, ina miligramu 2.7 za THC kwa kila mpulizo. Epidiolex, iliyosajiliwa mwaka 2018, haina THC ya kulevya bali kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, na ni ya watoto wenye aina chache ngumu za kifafa kama Dravet na Lennox-Gastaut: huanza na miligramu 2.5 kwa kilo mara mbili kwa siku, baada ya wiki hupanda hadi 5 kwa kilo mara mbili, na ini lazima lipimwe, hasa kwa mtoto anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Tofauti ya dawa hizi na kashata haiko kwenye mmea. Iko kwenye namba. Kidonge kina 2.5 leo na kesho, Tanga na Tokyo.

Hatusemi zisajiliwe zote. Ni ghali, na ushahidi wake kwa maumivu ya kawaida ni haba. Tunasema lijadiliwe mezani, kwa orodha fupi ya magonjwa, badala ya kuachwa lijadiliwe jikoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 wenyewe unaruhusu dawa zilizodhibitiwa kwa tiba na sayansi, na Desemba 2020 tume ya umoja huo ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye jedwali la nne, lililo kali kuliko yote, kwa kura 27 dhidi ya 25, ingawa imebaki kwenye jedwali la kwanza, yaani bado inadhibitiwa.

Na msiseme hatuwezi kuzisimamia. Methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na leo wagonjwa wanaimeza mbele ya muuguzi, dozi imepimwa kwa mililita, jina limeandikwa, chupa imefungwa kwenye kabati la funguo mbili. Waliosema itauzwa mitaani walikuwa wengi. Mfumo huo tayari tunao. Anayeweza kupima methadoni anaweza kupima miligramu 2.5 za dronabinoli.

Bangi ya kupika nyumbani, hapana. Hilo tunasimama na ninyi, na hata ingekuja siku sheria ikalegezwa tungeomba chakula kiwe cha mwisho kuruhusiwa.

Limebaki la polisi, nalo ni la Kamishna Jenerali. Mama anayemleta mtoto aliyelegea akijua kwamba neno "bangi" litamtoa wodini na kumpeleka kituoni, hatalisema. Tunaomba waraka, ukurasa mmoja, uliosainiwa na ofisi yako na Wizara kwa pamoja, useme kwamba katika kesi ya mtoto aliyekula sumu matibabu na maelezo ya mzazi kwa mganga yanatangulia, na kwamba maelezo hayo ya kitabibu hayatatumika kumkamata aliyemleta. Wauzaji wa biskuti wana ofisi yako, hatuwaombei. Tunaomba mama aweze kutuambia kitu alichokula mtoto, na saa aliyokila. Saa ndiyo inayotuonyesha kama kilele kimepita au bado kinakuja, na ndiyo inayoamua kama mtoto anabaki Pangani au anapandishwa gari la wagonjwa kuja hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, usiku huo.

Rasimu ya mwongozo wa matibabu tunayo, kwa Kiswahili, ya mtoto upande mmoja na ya mtu mzima upande wa pili. Inabandikika ukutani juu ya meza ya zamu. Tutaikabidhi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa ipitiwe, irekebishwe na wataalamu wa Wizara, na irudi ikiwa na muhuri. Pamoja nayo, kila zahanati ipate kipimo cha sukari chenye vijiti vya kutosha na kile cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni. Zahanati zenye kipimo cha sukari zipo. Vijiti ndivyo vinavyoisha, na bila vijiti hicho ni kisanduku tu.

Wenu katika huduma,

Watoa huduma za afya na tiba shufaa,
Tanga.